Saa ya Mkono kwa Siku za Heshima



Mwezi wa Oktoba uingiapo katika nchi yetu ya kusini, korosho hupelekwa ghalani na minada hufunguliwa. Hapa Nanyamba, kama ilivyo Newala, Tandahimba na Masasi, hayo ndiyo majira ya fedha kuonekana mikononi mwa watu. Na fedha zikionekana, arusi hufuata, na karamu, na mahafali ya watoto. Kila nyumba hutafuta nguo njema. Na katika vitu vinavyotafutwa sana siku hizo, kimoja ni saa ya mkono. Bwana arusi aitaka, msimamizi wake aitaka, mwalimu atakayesimama mbele ya wazazi aitaka, hata mama wa bibi arusi aitaka.

Kuitaka si kosa. Wazee walisema, Chanda chema huvikwa pete. Na mkono uliofanya kazi mwaka mzima wastahili pambo siku ya furaha. Walakini watu wengi hununua kwa macho tu, wakajipatia kitu king'aacho kisichomaliza msimu mmoja. Na wengine hukopa kwa ajili yake, wakabaki na deni baada ya ngoma kwisha. Kwa hiyo twapenda kueleza kwa taratibu saa ya heshima ni ya namna gani, ichaguliwe vipi kwa bei ndogo, na itunzwe vipi katika joto na chumvi ya pwani yetu.

Je, simu haitoshi?

Wengine watasema, "Simu yangu yanionyesha saa, tena kwa usahihi kabisa." Ni kweli. Lakini fikirini: mtu ameketi katika baraza la posa, au yuko maziko, au mkuu wa shule anasema na wazazi, naye atoa simu mfukoni, kioo chake chawaka, habari za watu zamtokea, na vidole vyaanza kugusa. Wote watadhani amechoka na maneno yao. Saa ya mkono hutazamwa kwa kupepesa jicho mara moja, tena haina jambo jingine la kukuambia ila wakati. Mwalimu anayesimamia mtihani aijua faida hiyo, na mzee wa shughuli anayepanga zamu za wasemaji aijua pia.

Jinsi saa ilivyofika mkononi

Zamani wanaume walibeba saa mfukoni, kwa mnyororo. Pwani yetu iliona saa za namna hiyo mapema. David Livingstone aliposhuka Mikindani mwezi wa Machi 1866 kuanza safari yake ya mwisho, alikuwa na saa za kupimia safari, maana pasipo saa sahihi msafiri hawezi kujua yuko umbali gani mashariki au magharibi. Mwezi wa Januari 1867 mchukuzi wa saa hizo alianguka nazo, zikapata mshtuko, na hesabu za Livingstone zikaharibika. Hapo twaona kwamba hata saa bora ni kitu dhaifu, isipolindwa huleta hasara.

Mwaka 1904 Louis Cartier wa Paris alimtengenezea rafiki yake Alberto Santos-Dumont, mrusha vyombo vya angani, saa ya kufungwa mkononi, kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi. Lakini wanaume wengi bado waliona ni pambo la wanawake. Vita Kuu ya 1914 hata 1918 ndiyo iliyogeuza desturi hiyo. Vita ile ile iliyopiganwa Mahiwa mwezi wa Oktoba 1917, ikavuka mto Ruvuma mwezi wa Novemba. Askari waliotakiwa kushambulia kwa dakika moja hawakuwa na nafasi ya kutafuta saa mifukoni.

Badiliko la pili lilikuja tarehe 25 Desemba 1969, pale Seiko ya Japani ilipoanza kuuza Tokyo saa ya mkono iitwayo Astron. Hiyo haikuendeshwa na kamani, bali na betri na kipande kidogo cha jiwe la kwatsi linalotetemeka kwa hesabu isiyobadilika. Bei yake siku hiyo ilikuwa yen 450,000, yaani kama bei ya motokaa ndogo. Leo kazi ile ile hufanywa na saa iliyo katika uwezo wa mkulima na mwalimu. Hii ndiyo neema ya zamani zetu: usahihi si mali ya matajiri tena.

Alama za saa ya heshima

Saa ya sherehe hutambulikana kwa unyamavu wake. Uso wake ni wa rangi moja, mweupe, mweusi, wa maziwa au wa samawati iliyoiva. Ina akrabu mbili, au tatu pamoja na ya nukta. Labda na dirisha dogo la tarehe, basi. Alama za saa ni vijiti vyembamba au tarakimu ndogo. Saa yenye vijisaa vitatu ndani ya uso, vitufe pembeni na mzunguko mnene wenye tarakimu, hiyo ni ya wazamiaji na ya wenye mbio za motokaa. Yafaa kwa kazi yake, lakini chini ya mkono wa koti huonekana kama jembe lililoletwa karamuni.

Tena iwe nyembamba. Unene wa milimita 10 au pungufu huingia chini ya kifungo cha shati pasipo kukwama. Upana nao upimwe kwa mkono wa mvaaji, wala si kwa mkono wa rafiki yake. Chukueni uzi, zungusheni kiungo cha mkono, kisha upimeni kwa rula. Mwenye sentimita 15 au 16 atafaa saa yenye upana wa milimita 34 hadi 36. Mwenye 17 au 18 atafaa 38 hadi 40. Pembe zinazoshika ukanda zisitokeze nje ya mkono. Kwa akina mama kanuni ni ile ile, ila mara nyingi saa zao huwa ndogo zaidi, na ukanda mwembamba hupendeza pamoja na gauni au kitenge.

Mashine iliyomo ndani

Wenye maduka watawaonyesha aina tatu.

Ya kwanza ni saa ya kamani. Nyingine hutiwa ufunguo kila siku, na nyingine hujitia zenyewe kwa mwendo wa mkono. Ni kazi nzuri ya mafundi, na saa za Seiko na Orient za namna hii zasifiwa ulimwenguni. Lakini saa ya kamani ya bei nafuu yaweza kupotea hata nusu dakika kwa siku. Ikilazwa sandukuni husimama. Tena kuisafisha kwahitaji fundi hodari. Mtu avaaye saa mara mbili kwa mwezi ataikuta imelala kila siku ya sherehe.

Ya pili ni ya kwatsi na betri. Aghalabu usoni pameandikwa Quartz. Jiwe lake hutetemeka mara 32,768 kwa nukta moja, na saa haipotei zaidi ya nukta 15 au 20 hivi kwa mwezi. Kwa bei ndogo hakuna iliyo sahihi kuliko hii. Casio ya Japani hutengeneza saa nyingi za namna hii. Zenye herufi MTP ni za wanaume na zenye LTP ni za wanawake. Katika hizo, zile zenye uso usio na makuu na ukanda wa ngozi au wa chuma zafaa sana kwa nyumba ya kipato cha wastani. Timex na Citizen nazo zina saa za namna hiyo.

Ya tatu ni ya kwatsi inayokula mwanga badala ya kubadilishiwa betri kila mara. Citizen waziita Eco-Drive. Bei yake ni kubwa kidogo, lakini kwa mtu akaaye mbali na fundi saa yaweza kuwa nafuu kwa miaka mingi, mradi isifungiwe gizani miezi na miezi.

Shauri letu kwa mwenye kununua saa yake ya kwanza ya sherehe ni hili: achukue ya pili, ya kwatsi na betri.

Pwani yetu ina maadui wake

Yafaa kujua maadui wanne wa saa katika nchi hii.

Adui wa kwanza ni jasho na chumvi. Saa nyingi rahisi zimetengenezwa kwa shaba au madini laini, kisha zikapakwa rangi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ni nyembamba mno. Jasho huila mgongoni na kwenye pembe, na shaba hutokea chini. Basi chagueni chuma kisichoshika kutu chenye rangi yake yenyewe. Geuzeni saa, someni mgongo wake. Maneno Stainless Steel Back maana yake kifuniko cha nyuma tu ndicho cha chuma hicho. Stainless Steel peke yake, au All Stainless Steel, ndiyo maneno bora.

Adui wa pili ni salfa tunayopulizia mikorosho. Vumbi lake hugeuza fedha na shaba kuwa nyeusi. Mtu asiende shambani kupuliza akiwa amevaa saa ya sherehe, wala asiiweke chumba kimoja na mfuko wa salfa.

Adui wa tatu ni maji. Saa iliyoandikwa mita 30 haiwezi kuzamishwa mita 30. Maana yake ni kwamba yavumilia matone ya mvua na ya kunawa mikono. Kuogelea kwahitaji mita 100. Mwenye saa ya mita 30 aivue kabla ya kuingia baharini Msimbati au Mikindani, wala asiguse kile kichwa kidogo cha pembeni mikono ikiwa mibichi.

Adui wa nne ni unyevu, ambao huozesha ukanda wa ngozi na kuutia harufu. Ukanda wa ngozi ndio wa heshima zaidi, lakini uvaliwe siku za sherehe tu, kisha uachwe upate hewa kivulini. Mtu atakayeivaa saa kila siku na anunue yenye mkanda wa chuma. Tena ukanda hubadilishwa kwa fedha kidogo. Saa moja yenye kanda mbili, wa ngozi nyeusi na wa chuma, hufanya kazi ya saa mbili.

Kuhusu kioo, kile cha plastiki hukwaruzika upesi, lakini mikwaruzo midogo husuguliwa ikaondoka. Kioo cha kawaida hukwaruzika polepole, wala hakisuguliki kwa urahisi. Kioo cha yakuti ni kigumu kuliko vyote, na bei yake ni kubwa. Kwa saa ya sherehe kioo cha kawaida chatosha.

Jina la uongo

Sasa tuseme habari ya saa bandia. Saa mpya ya Rolex huuzwa kwa maelfu ya dola za Marekani. Ikiletwa mtaani kwa bei ya kuku wawili, si bahati iliyoanguka kutoka mbinguni. Ni jina lililoibwa. Vyote ving'aavyo si dhahabu. Hata majina ya bei ndogo, kama Casio, huigizwa.

Angalieni mambo haya. Maandishi ya usoni yawe safi, yaliyonyoka, bila herufi iliyokosewa. Vijisaa vya ndani viwe vinatembea kweli, wala visiwe vimechorwa tu. Tarehe ibadilike mnapozungusha kichwa cha pembeni. Mgongo wa Casio uwe na namba ya aina ya saa na namba ya mashine yake, na namba hizo zilingane na karatasi iliyomo ndani ya boksi. Ombeni risiti yenye jina la duka. Muuzaji akatazaye risiti amekwisha kuwajibu. Katika Tanzania Tume ya Ushindani, iitwayo FCC, ndiyo yenye kazi ya kupambana na bidhaa bandia, na mnunuzi aliyedanganywa aweza kupeleka malalamiko huko.

Wako watu wasemao, "Najua ni bandia, lakini nani atajua?" Mvaaji mwenyewe ajua. Na watoto wake watakuja kujua, siku dhahabu itakapobanduka. Afadhali saa ndogo yenye jina lake la kweli kuliko jina kubwa la uongo.

Bei na deni

Hapa ndipo penye jambo zito. Wazee walisema, Kukopa arusi, kulipa matanga. Tufanye hesabu. Kijana akope shilingi 200,000 mwezi wa Agosti ili apate saa na viatu vya arusi, akitumaini kulipa korosho zikiuzwa. Mkopeshaji ataka riba ya 20 kwa 100 kila mwezi. Hiyo ni shilingi 40,000. Fedha za korosho zikichelewa hata Januari, ni miezi mitano. Riba peke yake imefika 200,000. Amelipa mara mbili, na saa ni ile ile moja.

Tena kuchelewa si jambo la kubuni. Mwezi wa Novemba 2018, baada ya mvutano wa bei na wafanyabiashara, Serikali iliamua kuzinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Na wakulima wengi wakangoja malipo hata mwaka 2019. Mtu aliyekuwa amekula fedha ambazo hajazipokea alijua uchungu wa miezi ile.

Na baada ya Desemba huja Januari, shule zikafunguliwa. Sare, viatu na madaftari havingoji. Kwa hiyo mume asinunue saa kwa siri, wala mke asifichwe bei yake. Wakae pamoja, waandike kwanza chakula hata mavuno, mahitaji ya shule, dawa ya mikorosho ya mwaka ujao, na akiba ya ugonjwa. Kitakachobaki ndicho kitakachonunua saa. Kisipobaki kitu, bwana arusi aende bila saa, na ndoa yake haitapungua hata kidogo. Wala asiazime kwa ajili ya fahari. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na saa ya kuazima ikipotea katika ngoma huzaa ugomvi wa ndugu.

Ndugu kadhaa wakipenda kumpa bwana arusi zawadi, washikane mkono na kununua saa moja njema, kuliko kila mmoja kuleta kitu kibovu chake.

Adabu ya kuivaa

Saa huvaliwa mkono usiotumika sana; mwenye kuandika kwa mkono wa kuume aivae wa kushoto. Ukanda ufanane na viatu: viatu vyeusi, ukanda mweusi, viatu vya kahawia, ukanda wa kahawia. Ukae penye kiungo, usilegee kama bangili, wala usibane mshipa. Katika maziko vaeni isiyong'aa, au msivae kabisa. Na mzee anapowausia, msiitazame saa. Kuitazama mbele yake ni kumwambia anyamaze.

Jambo moja zaidi lawahusu waandikao kadi za mwaliko. Sisi tunahesabu saa tangu alfajiri, lakini saa zetu za mkononi zimepatishwa kwa hesabu ya Kizungu. Akrabu fupi ikiwa penye 9 asubuhi, twasema saa tatu. Mgeni atokaye nchi nyingine akiona kadi imeandikwa "saa 4" bila neno zaidi, aweza kufika wakati wageni wanaondoka. Basi andikeni "saa 4 asubuhi", na kwa wageni wa mbali ongezeni hesabu yao pia. Kisha mwenye shughuli mwenyewe aishike saa hiyo; maana saa njema mkononi mwa mtu achelewaye ni mashahidi wawili wanaopingana.

Kuitunza

Baada ya sherehe ifuteni kwa kitambaa kikavu na laini. Iwekeni mbali na spika za redio na sumaku nyinginezo. Betri hudumu miaka miwili au mitatu hivi. Saa ikisimama, betri iliyokwisha iondolewe upesi, kwa sababu ikivuja huharibu mashine yote. Betri ya saa nyingi ndogo ina alama SR626SW, ambayo pia huitwa 377, lakini fundi na asome alama ya ile ya zamani. Yuko mwenzake wa bei rahisi, LR626 au AG4, mwenye umbo lile lile. Huyo huisha mapema na huvuja upesi. Mwambieni fundi aonyeshe betri mpya kabla ya kuitia.

Basi kwa ufupi: uso usio na makuu, mwili mwembamba wa chuma, mashine ya kwatsi, ukanda mmoja wa ngozi, risiti mkononi, na bei isiyogusa daftari la mtoto. Saa ya namna hiyo, ikitunzwa, yaweza kuvaliwa na baba siku ya arusi yake, na tena siku ya mahafali ya binti yake, nayo ikawa bado yasema kweli.